Uzi Nyuma ya Nyumba

Nukta ya kwanza ilijitokeza Jumanne asubuhi, chai ya Kemilembe ikiwa bado inafuka moshi, naye akaipuuza. Ilikuwa nukta nyeupe, ndogo kama punje ya ulezi, nyuma ya nyumba moja ya kitongoji cha juu. Kwenye ramani ya Uzi, kijani ni samadi, kijivu ni majivu, nyekundu ni mwamba, nyeupe ni mfupa. "Watu hawa bwana," alijisemea, "wamezika mbwa." Akaandika jina la kaya ili aende kuwagombeza. Mbwa, mbuzi, kuku, hata samaki aliyebaki miba, wote walikuwa na siku yao ya kupanda mkokoteni wa mifupa kwenda kusagwa kiwandani. Siku ya mkokoteni ilikuwa Ijumaa, na hakuna mtu wa Nyakahama aliyeweza kusema haijui.

Akanywa chai. Alipoinua macho, nukta zilikuwa kumi na saba.

Alfajiri hiyo maabara ya mkoa ilikuwa imetuma macho mapya ya Uzi, yaani programu iliyovifundisha vipimo vya zamani kutenganisha vitu vilivyokuwa vikichanganywa. Kwa miezi minane majivu na mifupa vilisomwa kama kitu kimoja, na kwa kuwa kila nyumba ina lundo lake la majivu uani, hakuna aliyeshangaa kuona kijivu nyuma ya kila nyumba. Sasa kijivu kilikuwa kinageuka cheupe, kaya baada ya kaya, kikishuka mlima taratibu kadiri vipimo vilivyokuwa vikiamka. Kufikia saa nne zilikuwa nukta mia tatu arobaini na moja. Nyakahama nzima haikuwa na mbwa mia.

Tusimtetee hapa. Kemilembe alijua ni nini kabla ya nukta ya ishirini, na bado aliendelea kutafuta mbwa.

*

Lazima tuseme kidogo juu ya Uzi, maana watu wa mbali hudhani ni mashine. Uzi ni kuvu. Meli ya mwisho ya mbolea ya fosforasi ilipakuliwa miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyekuja tena kuuza. Miamba iliyobaki duniani ina wenyewe, na wenyewe hawaigawi. Mmea usiopata fosforasi hudumaa, majani yakawa ya zambarau, na muhindi ukatoa bua na ndevu bila punje. Hayo Nyakahama waliyaona kwa macho. Lakini udongo mwekundu wa rweya, ile nyika ya majani juu ya mlima ambayo wazee walikuwa wakiiachia ng'ombe tu, fosforasi unayo. Chuma kilichomo udongoni ndicho kilichoikumbatia, kama bahili na mkoba wake.

Uzi ulikuzwa maabara ili ubandue kumbatio hilo. Hupenya ardhini, mwembamba kuliko unywele, ukanyonya fosforasi pale ilipojaa na kuipeleka pale inapokosekana, chembe kwa chembe, mpaka kwenye mzizi wenye njaa. Haimwagiki hata kidogo. Hakuna kinachotiririka kwenda kuliozesha ziwa kwa majani ya kijani, kama enzi za mifuko ya mbolea. Kila unapomeza, Uzi hutoa mshtuko mdogo wa umeme, na vijiti vya vipimo vilivyochomekwa kila kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, huusikia na kulia: tik.

Kasoro yake ni moja tu: hauna adabu. Mfupa ni ghala la fosforasi, na Uzi haujui mfupa wa nani. Ndiyo maana sheria ina Kifungu cha Heshima. Kabla ya Uzi kupandwa mahali, makaburi yote huandikwa na kuzungushiwa waya wa shaba, kwa sababu Uzi hauvuki shaba.

Kazi ya kuandika ilikuwa ya Kemilembe. Alikuwa mkaguzi wa udongo, ameolewa hapohapo mlimani, anajua kuongea na wakubwa. Alizunguka kaya zote. Aliketi na wakuu wa koo, wanaume tupu, nao wakamtembeza katikati ya migomba ambako watu wa Nyakahama huzika wafu wao, wakamwonyesha kila kaburi hadi la babu wa babu. Makaburi mia nane na tisa. Wilayani walimpigia makofi.

Hakuwauliza wanawake. Na si kwamba alisahau.

Nyakahama, mtoto akizaliwa hukaa ndani siku tatu. Siku ya nne hutolewa nje, jua likamwona, na baba yake akampa jina. Akifa kabla ya hapo, baba huambiwa neno moja, "Hakukaa," naye hujibu, "Haya," akachukua panga lake akaenda shambani. Hakuna kilio wala matanga. Mama mkwe ndiye humchukua na kumweka nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, na mama mtu haambiwi ni mgomba upi, wala haulizi. Jambo hilo halisemwi. Kemilembe alikuwa na shahada mbili na kinywa chake hakikufunguka.

Wake alizaliwa mwaka wa njaa, miaka tisa iliyopita. Alikaa siku mbili. Maziwa hayakutoka, Kemilembe mwenyewe alikuwa akishindia uji mwepesi mara moja kwa siku, na mtoto alinyonya mpaka akachoka kunyonya.

Aliikuza ramani mpaka nyumba yake ikajaa kioo cha kompyuta yake ya mkononi. Nukta moja, hatua nne kutoka dirisha la chumba chake. Kijiti cha kipimo kilikuwa hapo hapo. Miezi minane kila akiamka alikuwa akiisikia ile tik, tik, akiifurahia, akidhani ni majivu ya jiko lake yanakwenda kulisha watu. Alifunga kioo. Akakitia mkobani, akaelekea nyumbani.

*

Ma Kokubanza, mama mkwe wake, alikuwa jikoni kwenye mkeka anamenya ndizi, mikono imepakwa mafuta kuzuia utomvu. Tangu mwanawe aende kufanya kazi ng'ambo ya ziwa, nyumba ilikuwa ya wanawake hawa wawili.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado." Kemilembe alivua viatu, akakaa, akachukua kisu cha pili. Walimenya ndizi nne au tano. "Ma, yule mtoto wangu. Yuko chini ya mgomba wa pili, upande wa dirishani."

Kisu cha bibi kilisimama. "Nani kakwambia?"

"Vipimo."

"Havina haya hivyo vipimo vyenu."

"Havina, Ma. Vinasema Uzi unamla." Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Si yeye peke yake. Ni wote, mlima mzima. Wamebaki nje ya shaba kwa sababu sikuwaandika. Nilijua wapo na sikuwaandika."

Alingoja kilio. Alikuwa ameshajikaza kukipokea. Lakini Ma Kokubanza alimtazama tu, jinsi unavyomtazama mtu mzima aliyechelewa kuelewa jambo dogo.

"Wewe unadhani tuliwaweka chini ya migomba kwa nini? Nyika yote ile. Tungetaka kutupa, tungetupa."

"Sijui. Sikuwahi kuuliza."

"Hukuuliza, maana ulilelewa. Na mimi sikupaswa kukwambia mpaka siku utakapopata mkwe wako, kama nilivyoambiwa mimi. Lakini kwa kuwa mashine imeanza umbea, sikiliza." Bibi alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Mgomba aliowekwa mtoto chini yake huangaliwa. Ukizaa, mkungu wa kwanza hauuzwi, hapewi mgeni, haukamuliwi pombe. Unapikwa, na anakula mama yake. Peke yake. Haambiwi."

Kemilembe alikumbuka. Mwaka mmoja baada ya mtoto, njaa ikiwa bado haijaisha, kuna siku kadhaa aliletewa chungu kizima cha ndizi, yeye tu, na wengine ndani ya nyumba wakanywa uji. Aliona aibu. Alitaka kugawa. Bibi alisimama mlangoni amekunja mikono akasema, kula umalize, na alipomaliza akamwambia akombe chungu.

"Nilikula," alisema.

"Ulikula ukakomba. Wangu wawili nami nilikula, na mama yako bila shaka alikula wake. Mtoto alitoka mwilini mwako, basi anarudishwa mwilini mwako. Hatuwaachi nje peke yao. Ungekuwaje mzima leo?"

Chini ya huzuni ya Kemilembe palikuwa na kitu kingine, na tukiseme ni kitu gani: nafuu. Kama mgomba ulikuwa umekula kabla, basi Uzi haukufanya la ajabu. Kama hivyo ndivyo, hakuwa na kosa.

"Kwa hiyo Uzi haujavunja kitu, Ma?"

"Msomi ni wewe. Kama ni kula, hata mgomba ulikula." Bibi aliinua kisu, akakielekeza dirishani. "Nakuuliza hivi: ukishamla, unampeleka wapi?"

Hapo ndipo nafuu ilipokwisha. Hakuna aliyejua jibu la swali hilo kuliko Kemilembe. Vibanja, vilivyolishwa majivu na samadi vizazi na vizazi, vimejaa fosforasi. Rweya, hata Uzi ukibandua ile iliyoshikwa na chuma, bado ina njaa. Alifungua kioo, akagusa ile nukta, akaomba njia. Mstari mweupe ulitoka chini ya mgomba, ukapita kibanja cha jirani, ukapanda mlima kilomita mbili, ukatawanyika kwenye mashamba ya mahindi.

"Rweya," alisema.

"Mahindi yapi? Haya yaliyovunwa juzi?"

"Ndiyo."

"Yaliyopakiwa kwenye malori?"

"Ndiyo, Ma."

"Kwa hiyo ameliwa na watu tusiowajua." Ma Kokubanza aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwa jani la mgomba, kidole kimoja kimoja, kisha akaanza kulia waziwazi, mwanamke ambaye hakulia hata mumewe alipokufa. Kemilembe alimshika mabega. Nje, nyuma ya ukuta, kijiti kililia mara moja, na wote wawili wakakisikia.

Baadaye, ndizi zikiwa motoni, bibi aliuliza kama kuna namna. Kemilembe alisema ipo. Waya uzungushwe kila kibanja kizima, fosforasi ya nyumbani izunguke nyumbani, na rweya ijitegemee kwa ile ya udongo wake. Mavuno ya rweya yangepungua theluthi. Kuzungusha kungechukua miezi miwili, na mvua za masika zilikuwa wiki tatu mbele. Kesho yake baraza lilikuwa linakutana kuidhinisha Uzi upandwe kata tisa zaidi, ambako watu walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Akiandika ukweli kwenye fomu, sheria ingesimamisha upanzi siku hiyohiyo, mpaka waya wote uzungushwe.

"Zuia," bibi alisema. "Lakini usiseme kwa nini. Hayo si ya kusikiwa na wanaume."

"Fomu inataka sababu, Ma."

"Basi sijui. Mimi langu nimeshasema, na hata hilo nimelisema mapema."

*

Baraza lilikaa saa tatu asubuhi, wajumbe kumi na wawili, wazee wa kata zote na makoti yao. Mwenyekiti alikuwa Ta Kyaruzi wa Nyakahama, mtu wa maneno machache na uso mgumu, ambaye hukaa na kahawa ya kutafuna shavuni hata akiwa anahutubia. Ndiye aliyehangaika miaka miwili kwenye ofisi za mkoa mpaka Uzi ukaletwa kwao kwanza. Kemilembe alimheshimu, na siku hiyo alimwogopa.

Zilisomwa hesabu za mavuno. Mjumbe wa kata moja ya bondeni alisimama kushukuru hata kabla ya kupewa chochote, akasema watoto wa shule yao wanaanguka mstarini kwa njaa, akakaa haraka kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia. Kisha fomu ilifika mbele ya mkaguzi.

"Mwanangu, mstari wa kumi na mbili umeuacha wazi," alisema Ta Kyaruzi. "Makaburi yasiyoandikwa. Weka sifuri tumalize."

Kemilembe alikuwa amekesha akilipanga neno lake. Lilikuwa limepotea lote. Alichukua kalamu akaandika mia tatu arobaini na moja, akaweka sahihi yake pembeni kama sheria inavyotaka, akaisukuma karatasi katikati ya meza.

"Hii nini?"

"Waitu, Ta," alisema kwa heshima, "ni wale ambao hawakukaa."

Mzee mmoja wa kitongoji cha chini, ambaye alikuwa na tabia ya kusinzia kikaoni, alifungua macho. Kemilembe aliongea kwa haraka, asije akapoteza pumzi. Aliwaeleza nukta nyeupe, waya ulipoishia, njia za Uzi kwenda rweya, malori. Mambo ya mkungu wa kwanza hakuyasema. Hayo yalikuwa ya Ma Kokubanza na hayakuwa yake kuyatoa.

"Hao si watu," alidakia katibu. "Hawakupewa jina. Tunasimamisha kata tisa kwa ajili ya vitu visivyo na jina?"

"Subiri," alisema Ta Kyaruzi. Akamgeukia Kemilembe, na hakukuwa na ukali usoni pake, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mwanangu, umemsikia huyu wa bondeni. Masika yakipita bila Uzi, wale wa kwake watakula nini Juni? Unataka tuwalinde waliokufa kwa kuua walio hai?"

"Sijui, Ta." Huo ndio ulikuwa ukweli wake wote. "Njaa naijua. Wa kwangu alikufa kwayo, titi langu lilikuwa kavu. Yumo kwenye hiyo hesabu, niliyemhesabu wa kwanza ni yeye. Alikuwa wa kike. Miezi minane nimemtuma kwenda kulisha watu wasiomjua, na sikumwomba radhi hata mara moja, kwa sababu nilijifanya hayupo. Mnaweza kwenda wilayani kuifuta sahihi yangu. Wataifuta, wana shida kama sisi. Lakini sitaandika sifuri. Mkiamua kuwapeleka, muwapeleke mkijua mnampeleka nani."

Mjumbe wa bondeni alikuwa ameinamisha kichwa, na Kemilembe hakuthubutu kumtazama. Alijua amemnyang'anya masika yake. Pengine kuna mtoto kule ambaye angeishi na sasa hataishi, na hilo atalibeba, na hakuna fomu yenye mstari wa kuliandika.

Ta Kyaruzi alitema kahawa yake kiganjani. Aliinuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha Kemilembe, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi zake.

"Kwangu ni watatu," alisema.

Kemilembe alidhani anauliza. Alifungua ramani, akatafuta kaya ya mwenyekiti, nyumba ndefu chini ya barabara. Nukta tatu, mbili zikiwa pamoja na moja imejitenga.

"Watatu, Ta."

"Huyu wa peke yake ni wa mwaka wa mafuriko. Nilikuwa Bukoba, nilirudi ameshawekwa." Alinyoosha kidole kinene, hakugusa kioo. "Ulipokuja kuandika makaburi, nilikutembeza kibanja kizima. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Nami nilikuwa nangoja uniambie, Ta."

Ta Kyaruzi alibaki amesimama pale, na mtu wa pili akainuka, yule mzee msinziaji, akaja akasimama nyuma yake na kofia mkononi. Kisha katibu. Wa kata za mbali walibaki vitini kwao. Wote waliokuwa wa Nyakahama walipanga foleni bila kuambiwa, na hakuna aliyeitaja kura. Mvua ilikuwa wiki tatu mbele, na karatasi ilikuwa pale mezani na namba yake.

"Kitongoji cha chini, kaya ya kumi na nne," alisema mzee msinziaji alipofikiwa. "Wawili."

Kemilembe alitafuta. Walikuwa wawili.

"Kaya ya thelathini," alisema katibu, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Mmoja."

Aliendelea kuwasomea mpaka foleni ikaisha. Kila mwanaume alitaja hesabu yake kabla ya ramani kufunguka, na hakuna hata mmoja aliyekosea.